Pikapu Imeshushwa, Ekseli ya Nyuma Imekwenda Upande: Dalili, Sababu na Marekebisho

Malalamiko yanayofuata kushushwa kwa pikapu, yaani kupunguzwa kimo chake, hufanana sana, awe mwenye gari yuko Tegeta au Thika. Usukani umekaa kombo ilhali gari linakwenda moja kwa moja, kuna mtetemo ambao zamani haukuwapo, tairi zinalika upande mmoja, na nyuma kunagonga kila linapovuka tuta. Lawama ya kwanza huangukia magurudumu ya mbele: gari hupelekwa kwenye mashine ya alaimenti, yaani ya kupanga mwelekeo wa magurudumu, tairodi (fimbo zinazogeuza magurudumu ya mbele) zinarekebishwa, usukani unanyooshwa, na baada ya wiki mbili mwenye gari anarudi na manung'uniko yaleyale. Anarudi kwa sababu kazi ya kulishusha gari ilifanyika nyuma, na kosa liko huko. Yubolti, yaani bolti zenye umbo la U zinazofunga ekseli kwenye springi, zililegezwa, ekseli ikaachana na springi zake, kisha ikafungwa tena mahali ambapo hapakupimwa na mtu yeyote.

Mwongozo huu unahusu pikapu zenye ekseli nzima ya nyuma inayoshikwa na springi za majani, kama zilivyo Toyota Hilux nyingi, Isuzu na Nissan za kazi. Katika gari la namna hiyo springi haibebi uzito tu. Ndiyo pia inayoishika ekseli isiende mbele, nyuma wala upande, na ndiyo inayoizuia isijizungushe dereva anapokanyaga mafuta. Kwa hiyo ekseli iliyofunguliwa na kufungwa upya inaweza kukosea kwa njia tatu. Inaweza kukaa mshazari, upande mmoja ukiwa mbele kuliko mwingine. Inaweza kusogea kushoto au kulia. Na inaweza kujizungusha kwenye mhimili wake, hivi kwamba shingo ya difu (sanduku la gia lililo katikati ya ekseli), yaani pale inapoingia propela, bomba linaloleta mzunguko kutoka giaboksi, inatazama juu au chini kupita kiasi. Dalili nyingi zilizoelezwa hapa zinatokana na mojawapo ya makosa hayo matatu, na fundi anayeyakumbuka hatapoteza muda kwenye tairodi.

Ni vyema pia kujua gari lilishushwa kwa njia ipi. Ikiwa ekseli hukaa juu ya springi, bloku, yaani kipande kinene kigumu, huwekwa kati yake. Ikiwa ekseli hukaa chini ya springi, wengi huihamishia juu kwa vitako vipya vya kuchomelea (kitako ni pale springi inapokalia ekseli), na gari hushuka kwa kiasi kikubwa kwa mara moja. Wengine hubadilisha shakeli au mabano yanayoshika ncha za springi. Wengine hupunguza majani au kuyanyoosha. Kila njia ina kosa lake inalolipenda, kama itakavyoonekana.

Vipimo vya kwanza, kabla ya kugusa spana

Egesha gari kwenye sakafu bapa, tairi zikiwa na upepo sawa na bodi ikiwa tupu. Lisukume mbele na nyuma mara mbili tatu, ulitikise nyuma, kisha uliache litulie. Vipimo vyote huchukuliwa gari likiwa limesimama juu ya magurudumu yake. Ekseli inayoning'inia huku chesisi ikiwa juu ya stendi hutoa namba za uongo, kwa sababu springi isiyobeba uzito hujikunja zaidi na kuivuta ekseli mbele.

Kifaa bora kwa kazi hii hakiuzwi ghali: ni timazi ya mwashi, chaki na futi ya mkanda. Teremsha timazi kutoka katikati ya bolti ya jicho la mbele la springi, yaani tundu la ncha yake linaloifunga kwenye chesisi, kushoto na kulia, na utie alama sakafuni. Kisha teremsha kutoka sehemu ileile ya ekseli kwa kila upande, kwa mfano ukingo wa sahani ya breki, utie alama nyingine mbili. Lisogeze gari, na utakuwa na nukta nne sakafuni. Pima umbali wa mbele hadi nyuma kwa kila upande, halafu pima mishazari miwili inayokatana.

Pande mbili zikiwa sawa na mishazari ikiwa sawa, ekseli iko mraba na iko katikati. Pande zikitofautiana, ekseli imekaa mshazari. Pande zikiwa sawa lakini mishazari ikitofautiana, ekseli imesogea kushoto au kulia bila kupinda. Katika ekseli ambayo tairi zake ziko umbali wa milimita 1,450, gurudumu moja likiwa nyuma ya mwenzake kwa milimita 5 tu, ekseli imegeuka kwa takriban nyuzi 0.2, na hilo linatosha kuonekana kwenye usukani. Mimi huvumilia milimita 3; ikifika 5 nafungua upya.

Tahadhari ya kwanza ihusu uhai. Wakati wa kufungua, chesisi ikae juu ya stendi za jeki zilizo imara, magurudumu ya mbele yawekewe vizuizi, na ekseli ibebwe na jeki ya pili chini ya difu. Yubolti ya mwisho inapoachia, springi na ekseli huachana kwa nguvu. Jeki peke yake, matofali na magogo si vya kulalia chini yake.

Usukani uko kombo na gari linatembea kimbavumbavu

Hii ndiyo dalili inayoripotiwa kuliko zote. Gari linakwenda moja kwa moja lakini usukani umegeuka, na anayelifuata kwa nyuma anaona kwamba magurudumu ya nyuma hayapiti kwenye njia ya yale ya mbele, kama mbwa anayekimbia huku kiuno kikiwa upande. Usukani hugeukia upande ambao gurudumu lake la nyuma liko nyuma zaidi, na mkia wa gari hujitokeza upande huohuo. Ikiwa gurudumu la nyuma la kushoto liko mbele kuliko la kulia, dereva atajikuta ameshika usukani kuelekea kulia.

Kabla ya yote, ondoa udanganyifu wa barabara. Lami hujengwa ikiwa na mgongo katikati ili maji yatiririke pembeni, hivyo kwetu tunaopita kushoto gari lolote huvuta kidogo kushoto. Bukavu au Bujumbura, ambako magari hupita kulia, mvuto huo hugeuka. Jaribu kwenye uwanja bapa, na badilishana tairi za mbele kushoto kwa kulia ikiwa si zile zenye mshale wa mwelekeo. Mvuto ukihamia upande wa pili, kosa ni la tairi.

Sababu inayoongoza ni senta bolti kutokaa kwenye tundu lake. Senta bolti ndiyo inayoyafunga majani ya springi pamoja, na kichwa chake huingia kwenye tundu la kitako cha ekseli. Hicho kichwa kidogo ndicho kinachoamua ekseli ikae wapi, wala si yubolti kama wengi wanavyodhani. Bloku inapoongezwa, kichwa cha senta bolti huingia kwenye tundu la bloku, na kijiti cha bloku huingia kwenye kitako. Kukosea ni rahisi mno: kichwa kimepanda ukingo wa tundu badala ya kuingia, au tundu ni kubwa kuliko kichwa na lina nafasi ya kucheza, au kichwa kimekatika wakati wa kukaza. Chungulia kwa tochi kutoka pembeni. Bloku isiyolala sawasawa, mwanya mwembamba upande mmoja, au yubolti zilizoinama ni ushahidi wa kutosha.

Kurekebisha kunataka subira kuliko nguvu. Legeza upande mmoja tu, ekseli ikiwa imebebwa na jeki, isogeze kwa mtaimbo hadi kichwa kizame kwenye tundu, kisha ushushe na kukagua kabla ya kukaza. Ikiwa tundu ni pana, tia bushi ya chuma ya kipimo au tafuta senta bolti yenye kichwa kinachojaza tundu. Kupanua tundu kwa gesi ili "ipate nafasi ya kujipanga" ni kuiachia ekseli ruhusa ya kutembea kila ukifunga breki. Weka yubolti mpya. Zilizokwisha kukazwa na kufunguliwa huwa zimevutika na nyuzi zake zimechoka. Nati zikazwe kwa zamu, kwa mtindo wa msalaba, kwa spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza, na kwa kiwango cha mtengenezaji wa gari au wa yubolti hizo. Baada ya kilomita 100 hivi zikazwe tena, kwani rangi, kutu na bloku zenyewe hukaa zikabanana na mkazo ukapungua. Usipandanishe bloku mbili, moja juu ya nyingine. Kila kiungo kilichoongezwa ni mahali pengine pa kuteleza.

Sababu ya pili ni springi mbili zisizolingana. Springi iliyonyooka zaidi huwa ndefu zaidi toka jicho hadi jicho, na kwa kuwa jicho la mbele halisogei, ekseli ya upande huo husukumwa nyuma. Hivyo jani lililoondolewa upande mmoja na kusahauliwa upande wa pili, au springi moja iliyochoka, huleta mambo mawili kwa pamoja: gari linainama na ekseli inakaa mshazari. Pima kimo cha chesisi juu ya ekseli kwa pande zote mbili. Zikitofautiana, springi zishughulikiwe kwa jozi. Hapa lazima nitaje desturi ya kuchoma springi kwa moto wa gesi hadi ilegee na gari lishuke. Moto huo huua ugumu uliowekwa kiwandani. Springi itaendelea kushuka kwa mwendo wake yenyewe, kushoto na kulia kwa viwango tofauti, na siku moja itakatika. Springi iliyochomwa haina marekebisho isipokuwa kubadilishwa.

Ya tatu ni bushi ya jicho la mbele. Wakati mwingine ni mbovu kitambo, na kushusha gari kumeifichua tu. Wakati mwingine imeharibiwa na kazi yenyewe, kwa kuwa bolti ya jicho ilikazwa ekseli ikining'inia, na gari lilipotua mpira ukabaki umejipinda daima. Bolti za macho na za shakeli hukazwa mwisho, uzito ukiwa juu ya magurudumu. Jaribu kwa mtaimbo: jicho likicheza kwa zaidi ya ulaini wa mpira, badilisha bushi za pande zote.

Pale ekseli ilipohamishwa kutoka chini ya springi kwenda juu, chunguza vitako vipya. Vikichomelewa kwa jicho bila kupimwa, kimoja hutangulia kingine kwa milimita kadhaa, na hakuna yubolti itakayofuta kosa hilo. Vitakatwa na kuchomelewa upya na mtu anayejua kuchomelea ekseli bila kuipinda, jambo nitakalolirudia mwishoni.

Ikiwa yote hayo ni mazima na nukta zako nne bado hazikubaliani, pima mishazari ya chesisi yenyewe, kutoka bolti za macho ya mbele ya springi hadi bolti za mikono ya chini inayoshika magurudumu ya mbele. Isipolingana, chesisi imepinda au bano limehama, pengine kwa ajali ya zamani. Acha hapo. Hiyo ni kazi ya gereji yenye mashine ya kunyoosha chesisi.

Baada ya kuirudisha ekseli mraba ndipo magurudumu ya mbele yapimwe, na si kinyume chake. Tafuta mashine inayopima magurudumu manne, uombe kuonyeshwa pembe ya msukumo wa nyuma, yaani uelekeo ambao ekseli ya nyuma inalisukumia gari. Gereji nyingi hupima ya mbele tu, na mashine ya namna hiyo itanyoosha usukani vizuri kabisa huku gari likiendelea kutembea kimbavumbavu.

Mtetemo mpya kwenye sakafu au kwenye kiti

Kwanza tofautisha mtetemo wa tairi na wa propela. Tairi yenye mzingo wa mita 2 hivi, gari likiwa kilomita 80 kwa saa, huzunguka kama mara 11 kwa sekunde. Hiyo huhisiwa kama mtikiso unaohesabika, kwenye usukani au kwenye makalio. Difu yenye uwiano wa 4.1 huifanya propela izunguke mara 45 kwa sekunde wakati huohuo, na kosa la pembe za krosi, yaani viungo vya propela vinavyoiruhusu kuinama, hutetemesha mara mbili kwa kila mzunguko, yaani kama mara 90. Huo ni mngurumo au mvumo unaopanda miguuni. Ukibadilika unapokanyaga na kuachia mafuta kwa mwendo uleule, karibu hakika ni wa propela.

Ukaguzi rahisi huanza hapa: je, propela ilitolewa? Ikiwa ilitolewa, huenda vipande vyake viwili vilirudishwa bila kufuata alama, na nira zinazoshika krosi hazikai tena kwenye mstari mmoja. Je, krosi ina mchezo au mlio wa kukauka? Je, kipande cha chuma cha kusawazisha kimebanduka? Haya huchukua dakika kumi.

Yakiwa sawa, pima pembe kwa kipimapembe cha sumaku, gari likiwa juu ya magurudumu yake au juu ya njia ya kupandia. Pembe tatu zinatakiwa: ya mhimili wa kutokea wa giaboksi, ya propela, na ya pinioni, yaani gia iliyo kwenye shingo ya difu. Kwa propela ya kipande kimoja yenye krosi mbili, giaboksi na pinioni zinapaswa kuwa sambamba, tofauti isizidi takriban nyuzi 1, ili kile ambacho krosi ya mbele inakiharibu, ya nyuma ikisahihishe. Kila krosi ifanye kazi kwenye pembe ndogo, ikiwezekana isiyozidi nyuzi 3, lakini pia isiwe sifuri: krosi iliyonyooka kabisa haizungushi vijiti vya beringi zake, navyo huchimba mashimo palepale vilipo. Katika gari la springi za majani, pinioni huachwa ikitazama chini kwa nyuzi 1 hadi 2 gari likiwa limesimama, kwa sababu nguvu ya injini huzungusha ekseli na kuinua shingo ya difu.

Sasa njia ya kushusha inaeleza kosa. Bloku bapa haiinamishi pinioni hata kidogo, lakini inaipandisha ekseli karibu na chesisi, na propela ya milimita 1,300 iliyoinuliwa nyuma kwa milimita 75 hubadilika kwa nyuzi 3 na zaidi. Mara nyingi propela iliyokuwa ikiteremka kwenda nyuma sasa iko bapa, na krosi zinakaribia sifuri. Shakeli, kwa upande wake, huinua ncha ya nyuma ya springi na kuizungusha springi nzima: milimita 50 kwenye springi ya milimita 1,300 huinamisha pinioni chini kwa nyuzi 2.2. Ama bloku zilizochongwa mshazari, hizo zimetengenezwa makusudi kurekebisha pembe, na kosa lake ni moja tu, kuwekwa kinyume. Niliwahi kuletewa pikapu iliyobadilishiwa krosi mara tatu ndani ya miezi michache. Bloku zote mbili zilikuwa zimegeuzwa, upande mnene nyuma badala ya mbele, na kosa lililopaswa kupungua lilikuwa limeongezeka maradufu. Mtu hakuhitaji kipimo kuliona, alihitaji kulala chini na kutazama.

Marekebisho ya pembe ndogo hufanywa kwa kabari kati ya springi na kitako. Chagua za chuma. Za alumini hubanwa na kuminywa, yubolti zikalegea. Kabari na bloku huhitaji senta bolti ndefu zaidi, vinginevyo tunarudi kwenye dalili ya kwanza. Pembe inayotakiwa ikizidi nyuzi 4 hivi, usirundike kabari: kitako kichomelewe upya kwenye pembe sahihi na fundi wa ekseli. Katika propela ya vipande viwili, angalia pia bano la senta beringi, ile inayoishika propela katikati, kwani wakati mwingine kulishusha au kulipandisha kidogo kunatosha, hasa mtetemo unapotokea wakati wa kuondoka tu.

Jambo la mwisho chini ya dalili hii ndilo la hatari. Ekseli ikisogea nyuma au mbele, mkono wa propela unaoteleza ndani ya giaboksi huingia au kutoka zaidi. Uvute nje na usukume ndani, uhakikishe kuwa gari likiwa kwenye kimo chake cha sasa bado kuna takriban milimita 20 hadi 25 kabla haujagota. Ukigota, kila shimo la barabara ni nyundo kwenye beringi ya giaboksi. Mafuta yakianza kuvuja mkiani mwa giaboksi, au chuma kikigonga chini ya sakafu, usiendeshe hadi gereji, livutwe. Propela iliyokatika mbele huchomeka kwenye lami gari likiwa kwenye mwendo.

Gurudumu moja limeingia ndani, jingine limetoka nje

Pima kutoka ukingo wa tairi hadi chesisi, pande zote mbili. Usipime hadi kwenye bodi, kwa kuwa bodi za pikapu mara nyingi hazikufungwa katikati tangu mwanzo. Katika gari la springi za majani sababu ni zilezile za dalili ya kwanza, na tundu la bloku lililotobolewa nje ya katikati huongezeka kwenye orodha.

Magari yenye springi za koili ni habari nyingine. Pikapu nyingi za Chevrolet C10 za 1967 hadi 1972, ambazo Marekani hushushwa kuliko nyingi, hushikwa upande kwa fimbo ya Panhard, yaani fimbo inayotoka chesisi hadi ekseli ikiwa imelala kuvuka gari. Ncha yake huchora duara ekseli inapopanda. Fimbo ya milimita 700 iliyokuwa bapa, ekseli ikipanda milimita 100, huivuta ekseli pembeni kwa milimita 7. Hapo hakuna kosa la ufungaji. Dawa ni fimbo inayorekebishika urefu au bano jipya litakaloirudisha fimbo karibu na ubapa. Mabano ya namna hii hubeba nguvu zote za kona, hivyo yasichomelewe na mtu anayejifunza.

Nyuma kunagonga kwenye matuta

Mara nyingi kinachogonga ni mpira wa kugotea uliobaki na urefu wake wa zamani. Ekseli ilikuwa na safari ndefu, sasa ina sentimita chache tu. Paka chaki au udongo laini kwenye mpira, endesha juu ya tuta moja, kisha tazama. Dawa ni mpira mfupi, na kwa hakika si kuuondoa: bila mpira, chuma cha ekseli hupiga chuma cha chesisi.

Mpira ukiwa safi, kagua shokapu. Ya urefu wa awali hufika mwisho wake kabla ya ekseli, ikageuka kuwa kizuizi, na huvunja bano au kupinda fimbo. Nunua fupi zinazolingana na kimo kipya. Baada ya hapo tazama propela inapopita kwenye chuma kinachovuka chesisi, bomba la ekzosi na tumbo la difu chini ya bodi. Alama zinazong'aa hujieleza zenyewe.

Ikiwa ekseli inaifikia chesisi hata kwa mpira mfupi, suluhisho ni ama kulipandisha gari kidogo, ama kukata chesisi kwa umbo la herufi C juu ya ekseli na kuiimarisha kwa bamba. Ushauri wangu ni kupandisha. Chesisi iliyokatwa bila bamba la kipimo hupasuka pembeni mwa mkato, na pikapu inayobeba saruji au magunia haina nafasi ya kujaribu. Anayesisitiza akate aende kwa mtaalamu wa chesisi, bamba zikiwa tayari kabla ya msumeno kuwashwa.

Magurudumu ya nyuma yanafunga breki mapema

Dalili hii huachwa mwisho na wengi kwa kuwa haionekani kuhusika na ekseli, nayo ndiyo inayoweza kuua siku ya mvua. Toyota Hilux na pikapu nyingine nyingi za mizigo zina vali ya breki iliyofungwa kwenye chesisi, yenye fimbo inayofika hadi ekseli. Bodi ikibebeshwa mzigo, chesisi hushuka, fimbo huisukuma vali, nayo huruhusu nguvu zaidi ya breki iende nyuma. Gari lililoshushwa huidanganya vali hiyo kwamba limejaa mzigo wakati wote. Likiwa tupu, magurudumu ya nyuma hupokea nguvu yasiyostahili, hufunga, na mkia hutangulia.

Kagua kama fimbo imekaa kwenye pembe iliyokuwa nayo gari lilipokuwa kwenye kimo cha kiwandani. Fimbo au bano lake huwa na nafasi ya kurekebisha, na mwongozo wa gari hutoa kipimo. Lakini shinikizo lenyewe huhakikishwa kwa geji za breki mbele na nyuma, na ikiwa huna geji hizo, mpelekee fundi wa breki. Usiifunge vali kwa waya wala kuiondoa. Ukiwa hapohapo, angalia hosi ya breki haikubanwa kati ya ekseli na chesisi, na kebo ya breki ya mkono haikulegea wala kuvutika kiasi cha kukokota.

Tairi za nyuma zinalika ndani ilhali ekseli iko mraba

Timazi imekubali, pembe za propela ni sawa, lakini miezi michache baadaye kingo za ndani au za nje za tairi za nyuma zimekwisha. Kwanza hakikisha upepo wa tairi na mchezo wa beringi za magurudumu, kisha hakikisha rimu hazijapinda. Zikiwa nzima, bomba la ekseli limepinda.

Katika gari lililobadilishiwa vitako, kosa hili huzaliwa siku ya kuchomelea. Mshono mrefu unaowekwa upande mmoja wa bomba hulivuta bomba linapopoa, likajikunja kama ndizi, na kila gurudumu likaelekea ndani au nje kwa sehemu ya nyuzi. Fundi mzoefu huchomelea vipande vifupi kwa zamu, huacha pakapoa, na hupima kila mara. Aliyeunguza mzunguko mzima kwa pumzi moja ameharibu ekseli hata kama mshono wake unapendeza. Mashine ya magurudumu manne itaonyesha kila gurudumu la nyuma peke yake. Yakiwa yameelekea tofauti, hakuna kabari wala bloku itakayosaidia, kwa kuwa ekseli nzima haina skrubu ya kurekebisha mwelekeo wa magurudumu yake.

Usijaribu kulinyoosha bomba kwa jeki na mnyororo ukiwa nyumbani. Mhimili wa ndani huzunguka kwenye beringi na sili zinazotaka bomba lililonyooka, na dalili inayofuata baada ya tairi huwa mafuta ya difu yanayovuja hadi kwenye breki. Karakana yenye vyuma vya kupimia unyoofu wa bomba inaweza kulirudisha. Zisipokuwapo karibu, ekseli nzima iliyotumika, ya modeli ileile, upana uleule na uwiano uleule wa difu, ndiyo njia inayobaki. Ikague kwa mashine kabla hujalipia vitako vipya.